Kabla ya kura kupigwa: Obama wa Springfield na hesabu za ushindi wake

Asilimia 82 mwaka 1996. Asilimia 89 mwaka 1998. Asilimia 100 mwaka 2002. Ukimwekea takwimu hizi mtu asiyeijua siasa ya Chicago, atakuambia bila kusita kwamba mwenye nazo alikuwa kipenzi cha eneo lake, mtu aliyepigiwa kura na wake kwa waume. Mwenye nazo ni Barack Obama, miaka ile alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois, kabla dunia haijamjua na kabla Kenya haijatangaza siku ya mapumziko kwa ajili yake Novemba 2008.

Takwimu zenyewe ni sahihi, hazijapikwa. Ila katika ushindi huo wote hakuna hata mmoja uliomtoa jasho. Mara ya kwanza wapinzani wake wote wa ndani ya chama walienguliwa au kujitoa kabla ya kura kupigwa. Mara ya pili alikutana na mgombea wa chama ambacho eneo lile halikuwa na kawaida ya kukichagua. Mara ya tatu hakupata mpinzani kabisa. Kinyang'anyiro chake cha kwanza chenye ushindani wa kweli kilikuwa cha mwaka 2000, na hicho alibwagwa kwa kura mbili kwa moja.

Nairudia habari hii kwa sababu safari ya Obama sisi huisimulia kwa kurukaruka: baba wa Kogelo, mama wa Kansas, hotuba ya Boston, Ikulu ya Washington. Karibu miaka minane ya katikati tunaipita kama vile haikuwapo. Ndiyo miaka inayoonyesha kwa uwazi jinsi kiti cha uchaguzi kinavyopatikana katika nchi inayojiita mwalimu wa demokrasia, na ndiyo inayotupa kipimo cha haki cha kumpima mwanasiasa huyu.

Tuanze na kiti chenyewe. Kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani lina bunge lake. La Illinois lina Seneti ya watu 59 na Baraza la Wawakilishi la watu 118, na hukutana Springfield, mji mdogo ulio zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi mwa Chicago. Msomaji wa Kenya anaweza kufikiria mabaraza ya kaunti, lakini uwezo wa bunge la jimbo ni mkubwa zaidi. Sheria za jinai, shule, afya, posho za wasiojiweza, hata adhabu ya kifo, zote zilitungwa pale. Ni kazi nzito isiyo na umaarufu. Wajumbe wengi huwa na shughuli nyingine ya kuwapa mkate, na Obama naye alikuwa akifundisha sheria za katiba Chuo Kikuu cha Chicago huku akifanya kazi katika kampuni ndogo ya mawakili wa haki za raia.

Hakuibuka kutoka hewani. Mwaka 1992 aliongoza kampeni ya Project Vote ya kuandikisha wapiga kura, iliyoingiza daftarini watu wanaokadiriwa kufikia 150,000, wengi wao weusi wa Chicago. Mwaka uleule Carol Moseley Braun akawa mwanamke wa kwanza mweusi kuchaguliwa kuingia Seneti ya Marekani. Wanaojua siasa za mji ule walianza kulitaja jina la Obama. Kilichokosekana ni nafasi.

Nafasi ilifunguka mwaka 1995. Mbunge wa eneo la pili la Illinois katika Baraza la Wawakilishi la Marekani, Mel Reynolds, alitiwa hatiani mahakamani na kujiuzulu. Seneta wa jimbo Alice Palmer, aliyekuwa akishikilia eneo la 13 la upande wa kusini mwa Chicago, alikuwa amekwisha kutangaza kukitaka kiti hicho. Obama akatangaza kukitaka cha Palmer. Tarehe 19 Septemba 1995, katika hoteli moja ya mtaa wa Hyde Park, Palmer mwenyewe alisimama mbele ya wafuasi akamtambulisha kijana huyu wa miaka 34 kuwa ndiye anayefaa kumrithi.

Mambo yakageuka. Katika mchujo wa chama wa Novemba 28, Palmer aliambulia nafasi ya tatu. Mshindi alikuwa Jesse Jackson Jr., mtoto wa mchungaji maarufu, na wa pili alikuwa Emil Jones, mkongwe wa Springfield ambaye tutakutana naye tena. Baada ya kushindwa, marafiki wa Palmer walimwendea Obama wakamtaka ajitoe ili mama arudi kwenye kiti chake. Akakataa. Palmer akaamua kugombea hivyo hivyo, akawatuma watu wake mitaani kutafuta saini, na Desemba 18, siku ya mwisho ya kurudisha fomu, akawasilisha saini 1,580. Sheria ilitaka 757. Obama alikuwa amewasilisha zake tangu siku ya kwanza, zaidi ya 3,000.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo. Mapema Januari 1996 watu wa Obama walikwenda kwenye ofisi ya bodi ya uchaguzi ya Chicago, wakakaa na makaratasi ya wapinzani wote wanne, wakayapitia mstari kwa mstari. Saini moja, wanaitafuta daftarini. Huyu hakuandikishwa: wanamweka alama. Huyu anakaa mtaa ulio nje ya mpaka wa eneo la 13: alama. Huyu ameandika jina lake kwa herufi za kuachanishwa wakati daftarini alitia saini ya mkono: alama. Jina halilingani, anwani si ileile, mkono ni mmoja mistari mitatu mfululizo: alama. Mgombea mmoja aliyekuwa na saini 1,899, ambaye bila shaka alilala usingizi mzuri akijua amevuka kiwango mara mbili na zaidi, alibakiwa na 688. Alipungukiwa saini 69. Palmer alipoona mwelekeo wa hesabu akajiondoa. Wengine wakakatwa. Mchujo wa chama cha Democratic wa Machi 1996 ukawa na jina moja tu kwenye karatasi ya kura, na katika eneo lile mwenye tiketi ya Democratic amekwisha kuchaguliwa. Uchaguzi wa Novemba, ule wa asilimia 82, ulikuwa wa kuthibitisha: Obama kura 48,592, na wapinzani wake wawili kwa pamoja hawakufika 11,000.

Msomaji wa Tanzania anazijua hatua hizi kwa majina yake: wadhamini, pingamizi, kuenguliwa, kupita bila kupingwa. Kwetu mgombea ubunge ametakiwa kuwa na wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa, idadi ndogo mno ukilinganisha na 757, na bado fomu zimekuwa kaburi la wagombea wengi. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa wingi, na chama tawala kikachukua karibu kila kitu. Wapo waliowahi kuniambia kwamba basi hakuna tofauti, kote ni yale yale. Tofauti ipo, na ni kubwa. Chicago makaratasi yale yalikaguliwa hadharani, kila upande ukiwa na nafasi ya kutazama na kujibu, na aliyeweka pingamizi alikuwa mgombea asiye na cheo chochote serikalini dhidi ya seneta aliye madarakani. Huku kwetu msimamizi wa uchaguzi kwa miaka mingi amekuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa rais ambaye pia ni mwenyekiti wa chama. Kanuni inaweza kufanana, anayeishika mkononi ndiye anayeibadili.

Hata hivyo sitaki kumsafisha Obama kwa kumlinganisha na wabaya zaidi. Mambo mawili yatenganishwe. Kwa Palmer, nadhani alikuwa na haki. Mama yule alitoa ahadi mbele ya watu, kijana akakusanya fedha na wafuasi kwa ahadi hiyo, na mtu mzima akishatoa neno la namna ile halirudishi kwa sababu upepo umegeuka. Obama hakuwa na deni la kujitoa. Lakini kukataa kujitoa ni jambo moja, na kuwafuta wote wanne ni jambo lingine. Watatu waliobaki hawakuwa wamemwahidi wala kumvunjia chochote. Utetezi wake wa baadaye ulikuwa kwamba walifuata kanuni zilizowekwa, na kwamba anayeshindwa kukusanya saini halali anatia shaka kama ataweza kuwatumikia watu. Hoja ina mantiki ya kisheria. Inachosahau ni mkazi wa South Shore au Englewood aliyeamka asubuhi ya Machi 19 akaenda kituoni kuchagua, akakuta amekwisha kuchaguliwa. Mtu aliyejijengea jina kwa kuwaandikisha watu wapige kura aliingia bungeni kwa njia iliyowaachia wapiga kura jina moja. Rekodi yake haiwezi kusomwa kwa uaminifu bila kulisema hilo, na walio karibu naye wamekiri kwamba halikumkaa vizuri hata yeye.

Basi akaenda Springfield, akaapishwa Januari 1997, akakuta chama chake ni cha wachache. Rais wa Seneti alikuwa Pate Philip wa Republican, mtu wa mkono wa chuma, na muswada wa mjumbe wa upande wa pili ulikuwa unazikwa kwenye kamati ya kanuni bila hata kujadiliwa. Kwa miaka sita mfululizo Obama aliishi katika hali hiyo. Wenzake wengine weusi wa Chicago walimwona mtu wa kujidai, msomi wa Harvard asiyejua mitaa. Alichofanya ni kujifunza kukaa na watu. Alicheza karata za poka usiku na maseneta wa vijijini na wa vitongoji vya weupe, na kupitia urafiki wa namna hiyo akapata mambo madogomadogo: sehemu katika sheria ya posho za familia maskini ya 1997, na mwaka 1998 sheria ya kuwazuia wanasiasa kupokea zawadi na kutumia fedha za kampeni kwa matumizi binafsi, aliyoisukuma pamoja na seneta wa Republican, Kirk Dillard.

Kuna jambo moja la miaka hiyo lililokuja kumsumbua alipogombea urais: kura za "nipo". Katika kura zinazokadiriwa kufikia 4,000 alizopiga, 130 hivi hakusema ndiyo wala hapana, alibonyeza kitufe cha kusema yupo. Wapinzani wakamwita mwoga. Mtu akiijua hesabu ya Illinois hawezi kulisema hilo kwa wepesi. Muswada kule hupita kwa wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, yaani kura 30 kati ya 59, si wingi wa waliomo ukumbini siku hiyo. Kwa hiyo "nipo" ina uzito uleule wa "hapana", na vyama huitumia kwa mpango. Nyingine zilikuwa za mpango, nyingine zilikuwa za kujikinga. Nilivyozisoma, za kujikinga zipo, ila si nyingi kiasi cha kumpa mtu jina.

Na sasa mwaka 2000. Ukitaka kumjua mwanasiasa huyu, achana na ushindi wake wote, kaa na kushindwa huku kumoja.

Bobby Rush alikuwa mbunge wa eneo la kwanza la Illinois, eneo ambalo limewakilishwa na weusi bila kukatika tangu Oscar De Priest aingie mwaka 1929. Rush alikuwa mmoja wa waasisi wa tawi la Illinois la chama cha wanaharakati weusi cha Black Panther mwaka 1968. Mtaa ulimjua akiwa kijana mwenye bunduki na kifungua kinywa cha bure kwa watoto wa maskini, ukamjua akiwa diwani, ukamjua akiwa mbunge. Februari 1999 alijaribu kumng'oa Meya Richard M. Daley, akashindwa vibaya. Obama akaona mlango umefunguka: simba amejeruhiwa. Jambo jingine lilimrahisishia uamuzi, nalo wachambuzi wengi wanalisahau. Muhula wake wa 1998 ulikuwa wa miaka minne, kwa hiyo angeweza kugombea ubunge wa taifa mwaka 2000, akashindwa, na bado akarudi Springfield kwenye kiti chake. Kwetu anayetaka kupanda hutakiwa kuachia tawi alilolishika. Yeye alikuwa akibahatisha bila kuweka rehani kiti.

Alikosea hesabu tangu mwanzo. Kushindwa na Daley hakukuwa kumemwondolea Rush mapenzi ya mtaa wake; wapiga kura weusi wa kusini walimwona mtu wao aliyekwenda kupigana na mkubwa. Kisha likaja jambo ambalo hakuna kampeni inayoweza kulipanga: Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa. Mji ukaingia msibani pamoja na baba. Ungemshambuliaje mtu anayezika? Desemba ya mwaka uleule gavana aliwaita wabunge kupigia kura sheria ya kudhibiti silaha, na Obama alikuwa Hawaii kwa bibi yake, binti yake mchanga akiwa mgonjwa. Hakurudi kwa wakati, muswada ukashindwa, magazeti yakamshukia. Wakati mji unaomboleza kijana aliyeuawa kwa bunduki, mgombea alikuwa ufukweni. Ndivyo ilivyosomeka, na katika siasa kinachosomeka ndicho kinachohesabiwa.

Rais Bill Clinton naye akamuunga mkono Rush. Kura zilipohesabiwa Machi 21, 2000, Rush alipata 59,599, asilimia 61. Obama 29,649, asilimia 30. Seneta mwenzake wa jimbo, Donne Trotter, aliambulia asilimia 7. Angalia kura zilikotoka: Obama alifanya vizuri kwa weupe na kwa weusi wenye elimu wa Hyde Park, akagaragazwa katika kata za weusi wa kawaida, wale ambao kwa miaka mitatu alidhani anawawakilisha. Hakuwa ameshindana na mtu hata siku moja kuomba kura yao kwa kweli. Asilimia 82 na 89 zilimdanganya, kwa sababu hazikuwahi kumwambia nani angemkataa kama angekuwepo mtu mwingine wa kuchaguliwa.

Alibaki hana fedha. Agosti mwaka ule alisafiri kwenda Los Angeles kwenye mkutano mkuu wa chama, na kwenye kaunta ya kukodi gari uwanja wa ndege kadi yake ya mkopo ikakataliwa. Hakupata hata kibali cha kuingia ukumbini. Aliutazama mkutano kwenye televisheni, akarudi nyumbani kabla haujaisha. Hadithi hii ameisimulia mwenyewe mara nyingi. Miaka minne baadaye, kule Boston, angekuwa mhutubiaji mkuu wa mkutano kama huo. Watu hupenda kuieleza tofauti hiyo kwa kipaji na kudra. Mimi natazama ramani.

Kila miaka kumi, baada ya sensa, mipaka ya maeneo ya uchaguzi huchorwa upya. Illinois, bunge likishindwa kuafikiana, kazi huenda kwa tume ya watu wanane, wanne wa kila chama, na wakikwama huongezwa wa tisa kwa bahati nasibu. Mwaka 2001 walikwama. Septemba, katibu wa jimbo akachomoa jina, nalo likawa la mtu wa Democratic. Kwa kijikaratasi kimoja chama kikapata kalamu ya kuchora ramani ya jimbo zima. Lakini Obama hakuwa amesubiri kalamu ipatikane. Miezi kadhaa kabla, alikuwa amekwisha kukaa na mtaalamu wa chama katika chumba cha ramani huko Springfield, mbele ya kompyuta inayoonyesha kila mtaa, rangi za wakazi wake na walivyowahi kupiga kura, akieleza eneo lake analotaka lielekee wapi. Lile la zamani lilitoka Hyde Park likaenda kusini na magharibi, kwa weusi maskini. Jipya lilitoka Hyde Park likapanda kaskazini kandokando ya ziwa, likapita katikati ya mji hadi Gold Coast, makazi ya matajiri. Liliendelea kuwa na weusi wengi, lakini sasa lilikuwa pia na wafadhili, wanasheria, wenye mashirika na wamiliki wa magazeti. Wale waliompigia kura 2000 aliwaongeza; wale waliomkataa akawapunguza.

Hapo tena wapiga kura hawakuulizwa. Katika majimbo mengi ya Marekani mwanasiasa huchagua watu wake kwanza, ndipo watu wamchague, na chama kinachoshika kalamu ni nadra kuiachia kwa hiari. Sioni sababu ya kulipamba hilo. Lakini matokeo yake yanafuatika hatua kwa hatua. Ile hotuba ya Oktoba 2, 2002 ya kupinga vita vya Iraq, iliyombeba kwa miaka sita iliyofuata, ilitolewa kwenye mkutano wa hadhara ulioandaliwa na wanaharakati, baadhi yao watu wa ufukwe wa kaskazini ambao kwa ramani mpya walikuwa sasa majirani zake wa kisiasa. Hotuba ilihitaji ujasiri, na ujasiri ule ni wake. Waliomwalika ndio ambao ramani ilimsogezea.

Novemba 2002 alichaguliwa tena bila mpinzani, kura 48,717. Ramani ileile iliwapa Democratic wingi wa Seneti, na Januari 2003 Emil Jones, yule aliyeshindwa pamoja na Palmer mwaka 1995, akawa rais wa Seneti. Jones amesimulia jinsi Obama alivyomwendea akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kutengeneza seneta wa Marekani, na alipomuuliza ni nani huyo, kijana akajitaja mwenyewe. Jones akakubali. Miswada iliyokuwa imelala miaka mingi, mingine ikiwa imeandikwa na wabunge wengine walioihangaikia muda mrefu, ilianza kupita mikononi mwa Obama. Wenye miswada walinung'unika, na walikuwa na sababu.

Pamoja na hayo, mwaka 2003 alifanya kazi ambayo mimi naiweka juu ya ushindi wake wowote wa kura. Illinois ilikuwa katika aibu kubwa. Tangu irudishe adhabu ya kifo mwaka 1977 ilikuwa imewaua watu 12 kwa hukumu hiyo na kuwatoa 13 kwenye orodha ya kifo waliobainika kwamba hawakustahili kuwamo, mpaka Gavana George Ryan, mtu wa Republican, akasimamisha utekelezaji wa hukumu hizo Januari 2000. Upande wa kusini wa Chicago kulikuwa na kituo ambapo kamanda Jon Burge na askari wake waliwatesa washukiwa weusi, kwa umeme na kwa kuwaziba pumzi, tangu miaka ya 1970, hadi wakakiri wasichofanya. Muswada wa Obama ulitaka mahojiano yote ya polisi katika kesi za mauaji yarekodiwe tangu mwanzo hadi mwisho, si yale maungamo ya dakika za mwisho tu.

Polisi walipinga. Waendesha mashtaka walipinga. Gavana mpya, Rod Blagojevich wa chama chake mwenyewe, alikuwa ameahidi kuukataa. Upande mwingine, baadhi ya wapinzani wa adhabu ya kifo walihofia kwamba ungewapokonya hoja yao kubwa, ile ya wasio na hatia kuuawa. Obama akawaweka chumba kimoja, kikao baada ya kikao. Akakubali sauti pekee itoshe pale video isipowezekana. Akakataa kuachia jambo moja lililokuwa roho ya muswada: ungamo lisilorekodiwa lichukuliwe kuwa halifai mahakamani mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Muswada ukapita Seneti bila kura hata moja ya kupinga, gavana akabadili msimamo akatia saini, na Illinois ikawa jimbo la kwanza kuweka sharti hilo kwa sheria ya bunge. Alaska na Minnesota zilikuwa zimelazimishwa na mahakama. Mwaka uleule ikapita sheria ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha. Yule aliyelaumiwa kwa kucheza karata na wazungu wa vitongoji alikuwa amejua, kwa miaka sita, nani anaogopa nini.

Mwaka 2004 nitaupitia haraka, kwa kuwa unajulikana. Kiti cha Seneti ya Marekani kilibaki wazi, wakajitokeza wagombea saba wa Democratic. Mmoja, Blair Hull, alimwaga dola zaidi ya milioni 28 za mfukoni mwake, na kwa sheria ya wakati ule fedha hizo ziliwaongezea wapinzani wake kiwango cha michango wanachoruhusiwa kupokea. Wafadhili wa Obama wakanufaika na utajiri wa adui. Wiki za mwisho mambo ya talaka ya Hull yakaanikwa, akaporomoka. Machi 16 Obama alipata kura 655,923, asilimia 53, wa pili wake asilimia 24. Juni mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akaondoka kwa sababu ya makaratasi ya talaka, na chama chake kikamwagiza Alan Keyes kutoka Maryland. Novemba matokeo yakawa asilimia 70 kwa 27. Hizo 70 naziweka kapu moja na zile 82 na 89. Ya Machi ni nyingine kabisa: karatasi ilikuwa na majina saba, fedha zilikuwa nyingi upande mwingine, na mtoto wa mwanasiasa mkubwa wa jimbo, Dan Hynes, alikuwa na vyama vya wafanyakazi na mtandao wa chama nyuma yake. Hakuna aliyekatwa ili Obama apite. Hata kata za weusi za kusini, zilizomtema miaka minne nyuma, zilimpa kura kwa wingi.

Alijiuzulu kiti cha jimbo Novemba 2004. Eneo la 13 likaenda kwa Kwame Raoul, ambaye sasa ni mwanasheria mkuu wa Illinois. Bobby Rush aliendelea kuchaguliwa hadi alipostaafu mwenyewe Januari 2023, bila mtu yeyote kumwondoa. Sheria ya kurekodi mahojiano bado inatumika, na imepanuliwa kugusa makosa mengine makubwa.

Ukinitaka hukumu ya ukurasa huo wa maisha yake, ni hii: kiti alikipata kwa namna iliyowanyima watu chaguo, akakilinda kwa ramani, na akakitumia vizuri kuliko wengi waliokipata kwa jasho. Mara yake ya kwanza kushinda uchaguzi ambao angeweza kushindwa ilikuwa Machi 16, 2004, akiwa amekwisha kukaa bungeni miaka saba.